Mahakama Ilinipa Kiwanja

Mume wangu alipokufa aliniachia watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya. Majani tuliyowatandikia waombolezaji hata hayajakauka, shemeji yangu akaanza kupita migombani akihesabu.

"Hii ni mali ya ukoo," akasema. "Wewe mgeni. Rudi kwa baba yako, kule Ijumbi."

"Mgeni wa watoto wanne? Huyo mgeni kakaa sana."

Nikaenda mahakama ya mwanzo. Kila mkutano tulikuwa tunaambiwa kwamba uhuru umekuja, mahakama si ya chifu tena wala ya mzungu, hata mjane atasikilizwa. Mimi nikaamini, maana siogopi kusimama mbele ya watu.

Hakimu alikuwa kijana mpole wa kutoka pwani. Kando yake walikaa wazee wawili wa baraza, Wahaya wenzangu. Mmoja wao alikuwa anakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwangu tangu nilipoolewa. Kiswahili changu kilikuwa cha kisomo cha watu wazima tu, lakini nilisema bila kutetemeka: "Ninachotaka ni kibanja changu."

Kwetu ukisema kibanja umesema nyumba, migomba inayoizunguka, mibuni iliyo katikati, na makaburi ya watu wako. Hakimu akaandika. Siku ya hukumu akasoma kwamba nimeshinda. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikarudi nyumbani nikipita katikati ya barabara.

Siku ya tatu nikamkuta shemeji migombani kwangu na panga, ameshaangusha mkungu.

"We! Hukumu hukuisikia?"

"Nimeisikia vizuri, shemeji. Mahakama imekupa kiwanja." Akanionyesha uani kwa ncha ya panga. "Hicho hapo. Kifagie."

Nilidhani ananitania. Nikaenda mbio mahakamani, karani akanitolea hukumu. Nikaifuata kwa kidole, herufi moja moja. Ki-wa-nja. Nimepewa uwanja! Pale wanapokunya kuku! Nikakaa sakafuni mbele ya karani kama mtoto.

Sisi Wahaya b yetu ni laini, midomo haifungi sawasawa. Sikio la mtu wa pwani lilisikia w. Yule kijana sikumlaumu. Lakini wale wazee, mbona walitia sahihi chini ya karatasi ile? Nikamfuata yule wa rubisi hadi kwake.

"Taata, ulinisikia nikisema kibanja?"

"Nilisikia."

"Na hakimu aliposoma kiwanja?"

"Nilisikia pia."

"Mbona ulinyamaza?"

Akajikuna goti. "Hakuniuliza, mwanangu. Halafu kibanja kizima kukaa mikononi mwa mwanamke… tukaona labda Mungu mwenyewe ndiye aliyemziba masikio."

Nimezika mume, nimezika na watoto wengine. Lakini maneno yale yalinipiga kofi ambalo sijawahi kupigwa na mkono wa mtu. Alinijibu kwa upole kabisa, kama ananielekeza njia ya kisimani. Nikasimama pale mlangoni kwake mpaka mke wake akanishika mkono akanisindikiza.

Nikakata rufaa Bukoba. Nilipanda lori la kahawa, mtoto mgongoni, shemeji na yule mzee, aliyeitwa kutoa ushahidi, wamekaa juu ya magunia hayo hayo. Hakimu wa Bukoba alikuwa mtu mzima, mwenye miwani. Alinisikiliza, akasoma karatasi, kisha akamwita mzee mbele.

"Mama huyu alisema neno gani?"

Mzee akamtazama shemeji.

"Mzee, nakuuliza wewe."

"Alisema kibanja."

"Na ndani ya kibanja kuna nini?"

Akavitaja vyote, sauti ikishuka: nyumba, migomba, mibuni, kaburi la mume wangu. Hakimu akaandika kila kimoja, akaamuru nikae humo mimi na wanangu, na asiingie mtu na panga. Shemeji akatoka kabla hakimu hajamaliza kusoma.

Tulipofika kwenye lori mzee alikuwa ameshapanda.

"Mwanangu," akasema, "umeniaibisha mbele ya watu wa mjini."

"Ndiyo, Taata," nikamjibu. "Sogea huko, mtoto apate pa kulala."