Dalali Aliyefunika Kaburi

Uvumilivu uliniishia asubuhi ile nilipowakuta kuku uani wanakunywa maji kwenye bakuli la kaburini. Bakuli jeupe, lenye ufa. Tangu nipate akili lilikuwa kichwani mwa kaburi la babu yake bibi yangu, nyuma ya nyumba yetu hapa Kibiti. Nikazunguka na mwanangu mgongoni. Kaburi limefunikwa makuti, juu yake zimepangwa tofali.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, dada," dalali akajibu, tena anatabasamu. "Mteja anakuja saa nne. Akiona kaburi atakimbia. Niachie kazi yangu."

Nilimwita kwa sababu nahamia Ikwiriri kwa mume wangu, na nyumba aliyoniachia bibi sikutaka ibaki kuanguka. Nilijua atachukua chake kwangu na chake kwa mnunuzi. Ndivyo madalali wanavyoishi, sina neno. Lakini kumficha marehemu wetu ili apate chake!

Mzee yule si wa kufunikwa makuti. Alitoka vilima vya Umatumbi, akaenda Ngarambe kunywa ile dawa ya maji, akapigana na Wajerumani. Risasi haikugeuka maji, ilimvunja goti. Aliporudi akakuta kijiji chao majivu, akaja hapa na mguu wake mmoja mzima, akafyeka pori. Bibi alinisimulia hayo kila tulipofagia kaburi, na kila mara mgongo wake ulinyooka. Shuleni Maji Maji ilikuwa kurasa chache. Kwetu ilikuwa goti.

Mteja akafika, mama mtu mzima, mkulima wa mpunga kutoka Maparoni.

"Eneo safi, mama, halina doa," dalali akaanza.

Nikayavuta makuti mbele yao, tofali zikaporomoka. "Hapa kalala mzee wetu, mama. Alipigana Maji Maji. Nauza nyumba, yeye simuuzi."

"Dada, unaharibu biashara!"

Yule mama akamgeukia. "Wewe baba, ungeniacha nichimbe choo hapa?"

Dalali akaanza kuokota tofali.

"Mwanangu," mama akaniambia, "nyumba naitaka. Huyu simtaki."

Dalali akapandisha sauti: bila yeye hapauzwi kitu, shahidi wa mauziano ni yeye. Niliingia ndani, nikaandika kwa mkono wangu, nikampelekea mtendaji wa kijiji, akagonga muhuri:

"YAH: MALALAMIKO DHIDI YA DALALI

Nilimpa mtu huyu kazi ya kuleta mnunuzi, kumwonyesha mipaka na kumweleza ukweli wa eneo. Amefunika kaburi, akaondoa bakuli la kaburini na kuwanywesha kuku kwalo. Naomba asiwe shahidi wa mauziano haya. Naomba hati ieleze kwamba kaburi na njia ya kuliendea havikuuzwa. Naomba pia aitwe, aoshe bakuli kwa mikono yake na kulirudisha mahali pake, mbele ya mnunuzi na mbele ya ofisi yako.

Wako mtiifu,
Mwenye nyumba, kilembwe wa mpiganaji wa Maji Maji."