Tope Jeusi la Bugomora

Wiki iliyopita kijana wa bodaboda aliniletea mkungu wa ndizi hapa Bugene, akaacha alama za buti mlangoni. Lilikuwa tope jeusi la kinamasi, lile linalonuka majani yaliyooza na chuma kilicholowa. Niliinama na kitambaa nilifute, nikabaki nimeinama. Ngoja niwaeleze taratibu, maana hata mimi ilinichukua miaka kuelewa.

Nilipokuwa na miaka minane, radi ilimpiga ng'ombe wetu hatua chache kutoka jikoni, mimi nikiwa nimembebea beseni la maganda ya ndizi. Sikuungua popote. Ila tangu siku ile mikono yangu ilitetemeka. Uji ulimwagika kabla ya kufika mdomoni, kalamu haikukaa vidoleni, na wingu likitokea tu nilijiingiza chini ya kitanda. Zahanati hawakuona ugonjwa. Baba, mzee wa kanisa la Kilutheri, aliniombea kila jioni. Mwishowe mwalimu alimweleza kwa upole kwamba nikae kwanza nyumbani, nirudi shuleni nitakapoweza kuandika. Baba akanipeleka Bugomora kwa mama yake, Bibi msuka vikapu.

Bibi hakuniuliza habari za radi. Alinipa tu nyuzi za mkonge nizichambue, nami nilizivuruga zote. Aliniangalia kidogo, akaenda zake kupalilia kahawa.

Siku ya nne nilimwona akishuka bondeni na furushi lililofungwa kwa jani la mgomba. Nilimfuata kwa mbali. Alipiga magoti ukingoni mwa kinamasi, akachimba kwa mikono, akalifukia furushi, na alipokuwa akilifukia alinong'ona. Katika minong'ono ile nilisikia jina langu, Koku. Nililisikia mara mbili.

Nilimweleza binamu yangu Editha, aliyenizidi miaka miwili na kila jambo alilijua.

"Wewe kuku wa mvua," aliniambia huku akimenya ndizi, wala hakuinua macho. "Huoni? Amefukia jina lako. Lile furushi likioza, na wewe basi."

Leo naweza kutabasamu. Wakati ule niliamini kila neno. Kwa siku mbili sikula chakula cha Bibi. Nilipokea sahani, nikasema asante, nikaenda kufukia ndizi na maharage migombani, mimi nami nikawa mfukiaji. Nilimchungulia akisali kabla ya kula na sikujua anamwomba nani. Kumwogopa mtu anayekupaka mafuta kila asubuhi ni hofu mbaya, kwa sababu huna pa kuikimbilia.

Siku ya tatu ya kususa chakula, mchana, wingu zito lilipanda upande wa Rwanda. Bibi alinishika mkono akasema twende bondeni haraka kabla mvua haijajaza maji kinamasini. Miguu yangu ilikubali, sijui kwa nini. Tulipofika alipiga magoti mahali palepale, akaniambia na mimi nipige. Radi ikanguruma mbali.

"Bibi, shikamoo," nilisema, maana nilidhani adabu ingeniokoa. "Usinizike."

Hakucheka. Alikaa kwenye nyasi na tope lake, akaniuliza ni nani aliyeniambia hivyo. Nikamtaja Editha bila huruma yoyote.

"Tia mkono," akasema. "Wako ndio utakaolitoa furushi. Mimi nitaushika."

Nilitia mkono katika ule weusi. Ulikuwa wa uvuguvugu, mzito, unavuta. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu, na ngurumo zilikuwa zikija. Tulishikana humo kwa muda mrefu, mikono ikitetemeka, ndipo furushi likatoka. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za mkonge. Ndizo nilizozivuruga. Alikuwa amezichambua upya, akazichemsha kwa maua ya mgomba, akazifukia topeni zikolee rangi. Zilikuwa nyeusi zinang'aa.

Tukirudi chini ya mvua alinieleza kwamba mama yake, kabla hajabatizwa, alipofukia nyuzi alimtajia Ruhanga, yaani Mungu kwa lugha yetu ya Kinyambo, jina la atakayezisuka. Kanisani tunamwomba Ruhanga yuleyule, akasema, basi yeye hakuona sababu ya kuacha.

Nilisuka kikapu kwa nyuzi zile. Mistari ya mwanzo ilipinda vibaya, naye alinikataza kuifumua. Kila mzunguko tulisali kidogo kwa Kinyambo, na bila kuambiwa vidole vyangu vilianza kufuata sala. Msimu wa kahawa ulipokwisha niliandika jina langu kwenye karatasi ya sukari, Baba akaja kunichukua.

Miaka mingi niliamini siku ile bondeni Bibi aliushikilia mkono wangu ili nisiogope. Kisha mwaka juzi, mvua kubwa ikinyesha, nilimkumbatia binti yangu, nikaona jinsi mtoto alivyotulia, ilhali vidole vyangu mgongoni mwake vilikuwa vikicheza. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mle topeni mlikuwa na mikono miwili, na mtetemo wote nilikuwa nimeuhesabu kuwa wangu. Bibi naye aliiogopa radi. Alitoka nyumbani wingu lile likiwa juu, akiwa na hofu yake, akapiga magoti, akatia mkono.