Ngoma Iliyopigwa Bila Maiti

Prisca wa Kisondela alikuwa na namna yake ya kutazama picha. Hakuanza na uso. Alianza na miguu, aone kama mtoto amevaa viatu, akapanda hadi kwenye mitulinga kupima kama amekonda, na mwisho akawakagua waliosimama nyuma, mmoja mmoja, kama mtu anayemtafuta mwizi wa kuku. Kusoma alifundishwa shuleni mpaka darasa la saba. Kukagua alijifundisha mwenyewe, tangu mumewe Hosea alipofariki akamwachia ekari moja ya migomba na parachichi, na mtoto mmoja wa kike.

Mtoto huyo, Lugano, alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, Dar es Salaam, na chuo kilikuwa kimempeleka Ghana kwa wiki tatu. Kusomea nini? Ngoma. Walipomuuliza sokoni Tukuyu, Prisca alijibu "muziki na utamaduni," kama Lugano alivyomfundisha, akaomba Mungu wasiulize la pili. Waliuliza.

"Yaani kapanda ndege kwenda kucheza ngoma?" alisema jirani yake Felista, akipanga parachichi zake. "Kwani hapa kwetu zimekwisha?"

Wakacheka wote, na Prisca akacheka nao. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani swali lile lilimkaa kichwani.

Jumanne ikaingia picha kwenye simu. Miguu: peku. Mitulinga: afadhali. Lakini Lugano alikuwa amejifunga kitambaa cheusi na chekundu, na nyuma yake walisimama wanawake wazima wamevaa vivyo hivyo, na wanaume wenye ngoma ndefu. Prisca alikaa chini kwenye kizingiti akapiga simu.

"Nani amekufa huko?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Hiyo ni adowa, wanaicheza msibani. Tunajifunza."

"Mnacheza msiba, na hakuna maiti?"

"Ni darasa, mama." Kisha Lugano akaja na la kwake. Jumamosi kila mwanafunzi alitakiwa kuonyesha ngoma ya kwao. Wenzake walikuwa na video. Yeye alikuwa na maneno tu, na mwalimu alishamwambia maneno hayachezeki. "Mwombe baba Ackson apige ya msiba, dakika tatu tu. Urekodi unitumie. Nisipopata, mama, nitasimama pale mikono mitupu."

Prisca hakulala vizuri siku tatu. Misiba mingi ya Rungwe siku hizi ni kwaya na spika, lakini upande wao ngoma bado hutangulia. Ikilia siku ya kazi, mwenye jembe analiweka chini, mwenye ndizi anakata mkungu, wanawake wanajifunga vitenge kiunoni na kuifuata sauti. Hakuna anayeuliza. Mara ya mwisho ngoma hiyo kulia uani kwa Prisca, ilimlilia Hosea.

Ijumaa asubuhi alimfuata Ackson, fundi wa kujenga, ndiye pia mpiga ngoma. Alimkuta anachanganya udongo.

"Ugonile, shemeji."

"Ndaga. Mbona mapema hivi? Nani katutoka?"

"Hakuna. Nataka unipigie ngoma ya msiba."

Ackson alichomeka koleo kwenye udongo. "Maiti yuko wapi?"

"Hakuna maiti. Ni masomo."

"Masomo!" Alicheka mpaka akakohoa. "Shemeji, nimepiga ngoma miaka ishirini. Kumbe ningekuwa profesa!"

Hata hivyo alikuja saa sita mchana, maana yeye alimwona Lugano akizaliwa. Walikubaliana apige polepole, kwa viganja, nyuma ya nyumba. Akawasha majani makavu ya migomba, akaipasha ngozi. Prisca aliinua simu kwa mikono miwili. Mwanzo Ackson alipiga kama alivyoahidi. Lakini ngozi iliyopata moto haijui kunong'ona, na Ackson naye alipofumba macho alisahau. Sauti ikashuka bondeni, ikapanda kilima cha pili.

Dakika ya kumi, mtu alilia katikati ya migomba.

"Lugano! Lugano mwanangu!"

Alikuwa Felista, mkungu wa ndizi kichwani, kitenge kiunoni, machozi yanamtiririka. Nyuma yake walikuja wengine wawili, kisha watano, na kuni, wote wakimwita Lugano. Ackson alinyamazisha ngoma. Simu ilimponyoka Prisca ikaanguka kwenye nyasi.

"Mama Felista, nani kakuambia habari hiyo?"

"Aniambie nani? Ngoma imeniambia! Uani kwako mnaishi wawili. Wewe nakuona umesimama. Amebaki nani?"

Prisca alifungua mdomo aeleze. Angeeleza, na yangeisha hapo hapo. Lakini simu ikaita kwenye nyasi, na aliyepiga alikuwa binamu yake wa Bulyaga, Tukuyu mjini, ambako ngoma ya Kisondela haifiki hata siku ya upepo.

"Pole sana dada. Tumesikia mtoto amefia Ghana. Mwili unaletwa lini?"

Hapo akili yake ikagawanyika. Hawa wa kilimani wamesikia ngoma, sawa. Huyu wa mjini kasikia nini? Nani kampa neno Ghana? Haikumjia kwamba bodaboda aliyepita barabarani wakati ngoma inalia alishawapigia simu wenzake wa sokoni Tukuyu, waliojua mtoto yuko Ghana, na mdomo wake ukatangulia pikipiki. Aliyafikiria hayo siku tatu baadaye. Wakati ule alifikiri hivi: nimeiita. Nimepiga ngoma bila maiti, na ngoma imejitafutia.

Akampigia Lugano. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Wanawake walipoona anapiga tena na tena wakazidi kulia, na yeye alipoona wanazidi akaamini zaidi. Mara ya tano alikuwa analia kuliko wote, amekaa chini, na Felista amemshika mabega.

Mara ya sita ikapokelewa.

"Mama? Nilikuwa darasani, simu ilikuwa kwenye begi. Mbona kelele?"

"Uko wapi?"

"Si nimesema darasani?"

"Umekula nini asubuhi?"

"Uji na mkate. Mama, kuna nini? Hizo kelele za nini?"

Prisca aliwatazama watu waliojaa uani. "Ni msiba wako," alisema.

Kisha Felista akampokonya simu. "Lugano? Lugano, wewe ni mzima? Mtoto mjinga wewe! Nimekulilia tangu mtoni!" Lugano akawasha kamera, simu ikatembea mkono kwa mkono, na kila mmoja alitaka kuuona uso, na kila aliyeuona alimtukana kwanza, ndipo akamsalimia. Lugano naye, alipofahamu, alicheka na kulia kwa pamoja. Akauliza kwa sauti ndogo kama video ipo. Ilikuwepo: dakika kumi za ngoma, kisha nyasi tupu na vilio vya watu. Prisca aliituma bila kuitazama.

Hasira ilianza pale. "Umetufanya tulie bure," alisema mmoja. "Mkungu wangu haukuwa umekomaa," alisema mwingine. Prisca alimwomba Ackson apige ngoma ya kuwaambia walioko mbali kwamba si msiba.

"Haipo, shemeji. Ya kusema amekufa ipo. Ya kusema hajafa, hatujawahi kuihitaji."

"Basi chukueni ndizi zenu mrudi nazo."

"Ndizi za msiba ziingie nyumbani kwangu?" Felista alishangaa. "Thubutu! Lete sufuria."

Wakapika. Prisca hakujua awakaribishe kama wageni au awashukuru kama wafiwa wanavyoshukuru, kwa hiyo alifanya vyote viwili, akichanganya. Na watu walizidi kuja. Ilibidi asimame njiani na simu, na kila aliyefika analia alionyeshwa picha aliyoituma Lugano muda huo huo, kabla hajaingia.

Jua likielekea kuzama alifika shangazi yake kutoka Masoko. Alikuwa ametembea kwa miguu, na sauti ilikuwa imemkauka. Prisca akamwonyesha picha, akamwambia yu mzima, ni masomo tu, tusamehe. Mama mtu mzima aliisogeza picha karibu na macho.

"Mzima?"

"Mzima, shangazi."

"Kyala ashukuriwe." Akakaa kando ya njia, akaendelea kulia.

"Shangazi, hajafa."

"Nimesikia. Ila machozi haya nimeshayaleta, niyarudishe Masoko?"

Prisca alitazama nyumbani, walikokuwa wakila na kucheka, akatazama njia. Mwishowe akakifungua kitenge chake begani, akakifunga kiunoni, akakaa karibu na shangazi yake.