Maneno ya Mama Niliyomfupishia Daktari

Kosa ni langu. Nimelibeba zaidi ya mwaka na leo nalitema hapa, mnitukane mkitaka.

Mimi ni msusi, nina kiti changu kwenye saluni moja hapa Point, Durban. Kiingereza nakijua, Kizulu cha kuombea maji ninacho, basi Wakongo wenzangu wakienda hospitali huniomba niwatafsirie. Nilijiona mtu, jamani!

Jirani yangu, nimwite Mama Josué, alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Bukavu. Akajifungua mtoto mwenye mdomo wa sungura, uliopasuka, kaakaa nalo wazi mpaka ndani. Siku ya kliniki nilimsindikiza, huku mteja wa rasta akinipigia simu kila dakika.

Daktari aliuliza mtoto analalaje, anapumua vizuri? Mama Josué akaanza maelezo yake marefu.

“Dada, mwambie, akilala anakoroma, kisha pumzi inakatika. Kifua inaingia ndani. Mpaka nimutikise ndiyo anarudia kupumua.”

Moyoni nikasema, mtoto kukoroma si ndiyo usingizi mzuri? Nikamwambia daktari analala vizuri, anakoroma kidogo tu. Akaandika. Nikawahi rasta zangu.

Wiki tatu baadaye, mchana, mama anafua, Josué alikata pumzi usingizini. Safari hiyo hakukuwa na mtu wa kumtikisa. Hospitali walimrudishia uhai, lakini ubongo ulikuwa umeshaumia. Sasa ana mwaka na nusu. Hakai, shingo haijakaza, na mama yake akipita mbele yake macho hayamfuati.

Baya zaidi hili hapa. Mtoto alipolazwa, daktari mwingine aliuliza kama mama hakuona dalili yoyote mapema. Mama Josué akaniangalia, akasema polepole, “Si tuliwaambia siku ile?”

Nikamjibu daktari kwamba mama anasema hakuona kitu.

Ndivyo faili linavyosomeka mpaka leo. Yeye anadhani hospitali ilimpuuza, hospitali inadhani yeye ni mzembe, na mimi ananiombea kanisani kila Jumapili kwa wema wangu. Ee Mungu wangu!

Wewe unayewatafsiria watu, usifupishe. Hata mama akizunguka, hata kama wewe huoni maana, sema yote kama alivyosema. Na mtoto mwenye kaakaa wazi akikoroma, usiusifu usingizi wake, mpeleke akapimwe.

Ijumaa tuna miadi tena. Nimeapa nitamwambia Mama Josué ukweli kabla hatujaingia kwa daktari. Hata miadi iliyopita niliapa hivyo hivyo.