Maziwa ya Dubu na Saa Nane

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koti zito, glavu jozi mbili na onyo. Msimamizi wa Ghala, Mmarekani mwenye sauti ya kukwaruza, alinishusha hadi chumba cha chini cha maabara, huku Maryland, akafungua friza iliyonizidi kimo. Baridi ikanipiga usoni. "Humu ni baridi kuliko kule walikotoka wanyama wenyewe," alisema. "Ukiacha mlango wazi ukapiga soga, unaharibu kitu kisichopatikana tena." Mimi mzaliwa wa Singida, ambaye barafu niliijua ile ya kupozea soda, nikaitikia kwa kichwa tu.

Ndani mlikuwa na damu, manyoya na maziwa ya wanyama wa ncha ya kaskazini ya dunia: sili, wale wanyama wa baharini wenye mapezi, na zaidi ya wote dubu weupe. Watafiti walileta sampuli, yaani kiasi kidogo cha kupimia, katika vichupa vya ukubwa wa kidole gumba. Sisi watu wa ghala tulivipanga, tukasoma nyuzi za baridi kila asubuhi na kuziandika kwenye daftari. Kila agizo pia lilipaswa kuandikwa humo, kwa Kiingereza. Hilo la mwisho likumbukeni.

Niliyapenda maziwa kuliko vyote. Dubu jike huzaa ndani ya pango la theluji na kukaa humo miezi bila kula, akinyonyesha kwa mafuta ya mwili wake. Mafuta hayo anayapata kwa kuwinda sili juu ya bahari iliyoganda. Bahari ikichelewa kuganda, anaingia pangoni amekonda, maziwa yanakuwa mepesi, na watoto wengine hawatoki hai. Basi katika kichupa kile kidogo ungeweza kusoma kama watoto watauona mwanga. Nilijiona muuguzi wa wagonjwa nisiowahi kuwaona, na nilijivuna mno.

Baada ya miaka kadhaa nililetewa mwenzangu, Deogratias, Mkongo wa Bukavu. Tulimwita Papa Déo, ingawa tulilingana umri. Alikuwa mwangalifu kuliko mimi, na nasema hivyo bila kujilazimisha. Tulizungumza Kiswahili kutwa, chake cha kwao na changu cha kwetu, tukitaniana kila mmoja akidai cha mwenzake kimepinda.

Siku moja friza ya dubu ilipangiwa kuzimwa ili ile barafu iliyoganda kwenye kuta zake iyeyushwe. Fundi angekuja saa nane mchana. Mimi nilitumwa mji wa Manassas kupokea vifaa, nikamwambia Papa Déo nikiwa tayari nimevaa kofia: "Friza inazimwa saa nane. Kabla ya hapo hamisha maziwa yote."

"Saa nane? Bon, hakuna shida. Nitamaliza kwanza kazi ya juu."

Kwenye daftari sikuandika kitu. Nilikuwa na haraka.

Fundi alikuja, akidhani friza ni tupu kama alivyoambiwa, akaizima, akaacha mlango wa nje wazi ili ikauke. Droo za ndani hakuzivuta. Papa Déo aliposhuka jioni, maziwa yalikuwa yameyeyuka na mafuta yamejitenga juu. Yalikuwa ya dubu wa kisiwa kimoja, na watafiti waliporudi huko baadaye hawakukuta pango hata moja. Mpaka leo hakuna ajuaye mama wale walikuwa wamekonda kiasi gani kabla ya kutoweka.

Asubuhi yake alinidaka ukumbini, macho mekundu. "Weye ulisema saa nane! Mi nilishuka saa sita, mbele ya saa!"

Hapo nikaelewa. Kwao saa huhesabiwa kama Wafaransa wanavyohesabu, kuanzia usiku wa manane. Saa nane yake ni saa mbili yangu ya usiku. Saa sita aliyoshuka ndiyo saa kumi na mbili yangu ya jioni. Alikuwa amewahi.

Mkuu wa Maabara, mama mpole asiyepandisha sauti, alituita sote wawili. "Ulimwambia muda?" aliniuliza.

"Nilimwambia."

"Muda gani?"

Nikajibu kwa Kiingereza, "Two o'clock." Ilikuwa tafsiri sahihi, na ilikuwa uongo. Papa Déo aligeuka akanitazama. Alisubiri. Nami nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo. Msimamizi alikuwa anastaafu, na daftari halikuwa na mwandiko wangu. Nikaangalia viatu vyangu. Aliachishwa kazi wiki hiyohiyo kwa uzembe, mtu ambaye uzembe hakuujua.

Cheo nilikipata. Niliwafundisha wengi, nikawa mkali wa kuandika kila agizo, na vijana walinisifu kwa nidhamu. Nilikuwa naona haya kila waliponisifu. Nilisikia kwamba Papa Déo anahudumia wazee majumbani, huko huko Manassas, na sikuwahi kumpigia simu.

Nimestaafu sasa, naishi Takoma Park. Ningetaka kuwaambia kwamba niliwasaidia dubu. Lakini nikilala naona droo ile, na uso wa mtu anayesubiri niseme neno moja.

Mwezi uliopita nilitafuta namba yake, nikapiga. Aliitambua sauti yangu mara moja. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Nikasema tu, "Ndugu yangu, njoo kwangu Jumamosi tunywe chai. Nina jambo la kukuambia, na la kumwandikia Mkuu tukiwa pamoja. Njoo saa kumi."

"Saa kumi ya kwako," aliuliza, "ao ya kwangu?"

"Ya kwako," nikasema.

Jumamosi hiyo, kwa saa yangu, ilikuwa bado saa tatu asubuhi, saa nzima kabla ya saa kumi yake, nilipoketi mlangoni kumsubiri.