Pua ya Fundi wa Maabara

Fundi wa maabara ile ya Brisbane alikuwa na tabia iliyokatazwa kwa herufi kubwa ukutani: kila asubuhi alifunua sahani za bakteria, moja moja, akazinusa. Nerida, jirani yake wa meza kwa miaka tisa, alishaizoea ile pua ndefu na vile vidole vyenye madoa mekundu. Bakteria wa udongo, fundi alisema, hunukia mvua. Na dawa ya kuua vijidudu vilivyoshinda dawa za hospitali huitengeneza wakishaishiwa chakula, yaani wakishaacha kukua. Meneja mpya alisikia “kuacha kukua”, akatosheka. Siku ya nne ya kuotesha bakteria, fundi akiwa kwenye chai, akaamuru sahani zote arobaini za udongo uliotoka mji wa Longreach zichemshwe zitupwe.

“Hawazalishi, dada,” alimweleza fundi aliporudi, kwa upole wa mtu aliyetoka semina.

“Wewe ukishiba unalala, bwana mkubwa. Hawa wakipatwa na njaa ndiyo wanaanza kazi. Ungesubiri siku mbili tu!”

Fundi akatoa pipani donge la plastiki iliyoyeyuka, akamsogezea puani.

“Nusa.”

“Nasikia plastiki tu.”

“Asubuhi sahani hizi zilinukia mvua.”