Ekstensheni Nyeupe Mferejini

Heri mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu. Mimi nauza vifaa vya umeme Ibra, na juzi nilikwenda Mudhaibi na wazee wangu kumposa Salma. Tulikaribishwa nje, chini ya mitende. Joto lilipozidi, Ami Nasor, baba yake Salma, akataka kuleta feni. Mimi na kimbelembele changu nikaruka: "Ami, tulia, hii kazi yangu!" Nikachomoa ekstensheni ya sebuleni, nyeupe, nyembamba, nikaipitisha ndani ya mfereji wa falaji, ule unaoleta maji ya mitende kwa zamu, maana saa ile ulikuwa mkavu. Nikachomeka feni, kisha nikakaa kuwahutubia wazee juu ya usalama wa umeme.

Sikuuliza zamu yao ya maji ni saa ngapi. Maji yakaja kimya kimya, soketi ya ekstensheni ikazama, paa! Nyumba nzima ikazimika.

Ami Nasor akaenda kukata swichi kubwa, akarudi na waya mnene mweusi wa mpira.

"Huu umeniuzia wewe," akasema mbele ya wote. "Ukaniambia ile nyeupe ni ya ndani, haitoki nje."

Na posa ilikuwa bado haijajibiwa. Akanitupia ncha moja.

"Haya, mkwe, vuta. Mferejini usipite."